Wageni wa Malaika wa Leonia

Habari ninayokuletea hutaiamini, na wala sikulaumu. Mimi mwenyewe nisingeiamini kama ningesimuliwa na mtu mwongo kama mimi. Ni ya mwanamke wa hapa Kilindoni aliyefuga samaki sebuleni. Hebu fikiri. Kisiwa kizima cha Mafia kimezungukwa na samaki, ukijikwaa ufukweni unaangukia samaki, halafu mtu anamweka kwenye tangi la kioo, anamwashia taa, anampa chakula kwa kubana na vidole, na hamli.

Nani anakwambia haya? Ni mimi, Zubery, mjomba wa mtaa mzima, niliyewahi kumbeba samaki taa mkubwa kuliko mlango wa msikiti. Shule niliacha darasa la tano, kwa sababu walimu walikuwa wameanza kuniuliza mimi maswali. Kwa hiyo nikisema samaki, kaa chini usikilize.

Mwanamke mwenyewe ni Mwalimu Leonia, mtu wa Bukoba. Hapa ninapoandika niko mezani kwake, naye anasahihisha kazi za wanafunzi upande wa pili, ananikata jicho. Alikuja kufundisha huku pamoja na mumewe, Isdory, fundi wa redio na simu, mtu mpole ambaye ukimtania anacheka kesho yake. Huyo Isdory ndiye aliyeleta balaa la kioo. Alikibeba kutoka Dar es Salaam, akapanda nacho boti pale Nyamisati akiwa amekipakata kama mtoto mgonjwa, na mfuko wa nailoni wenye samaki wawili ameutia ndani ya koti. Wale samaki wanaitwa malaika. Wembamba kama sahani iliyosimamishwa, wana mistari myeusi, na mapezi marefu yanayoning'inia kama ncha za kanga. Hawa ni wa maji baridi, na kisima chetu kina chumvichumvi, basi Isdory akawa anawakingia maji ya mvua. Sisi tunakinga ya kunywa, yeye anakinga ya samaki. Nilimcheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini alijua kuwapangia majirani. Mwanzo aliwatilia visamaki vinavyong'aa, vyembamba kama njiti za kiberiti. Malaika wakavila vyote. Jina zuri, tabia ya fisi, nikamwambia. Kumbe kwao chochote kinachoenea mdomoni ni chakula. Akaagiza vikambare vidogo vya kulamba mchanga, vipole, vinene kidogo, vya kukaa chini na mambo yao. Hapo nyumba ikatulia. Jioni mke na mume walizima televisheni wakatazama kioo. Na mimi nilikuwa nakaa hapohapo, kwa ajili ya chai tu, usinielewe vibaya.

Halafu Isdory akaanguka mbele ya meza yake ya ufundi, asiamke. Wakamsafirisha kwao, akazikwa, na Leonia akarudi peke yake kwa sababu kazi ni kazi.

Sasa sisi watu wa hapa tuna jambo letu. Mfiwa haachwi alale peke yake. Leonia ni Mkristo, hana eda wala nini, lakini nani aliuliza? Wanawake wa mtaa waliingia na mikeka, wakalala sebuleni kwa zamu, wakapika, wakafagia, wakamlazimisha kula. Aliyewaongoza ni jirani yake Mwanasiti, mama wa makamo, mwenye shamba la muhogo Miburani na sauti ya kuitia mtu aliyeko Utende, upande wa pili wa kisiwa. Leonia aliniambia kwamba zile pumzi za watu sakafuni ndizo zilizomzuia asimfuate mumewe.

Wanawake walipokwisha kurudi makwao, malaika jike akafa. Dume akabaki anaelea pembeni, hali chakula. Leonia hakulia mbele yetu, ila siku ile aliniambia hivi. "Mjomba, humu ndani kila alichokigusa Isdory kimekaa tu. Huyu samaki ndiye peke yake anayepumua."

Mwanasiti naye akamwona yule dume, akaingiwa na huruma. Kwake yeye vile vikambare havikuwa watu wa kukaa na mfiwa, havimtazami hata usoni. Kesho yake akaja na sufuria yenye kifuniko. Ndani mna vitoto vya perege kutoka dimbwi la shambani kwake, vidogo kama kucha. Akasema amemletea wageni wa kumliwaza, akavimimina mwenyewe, na Leonia akasema ahsante. Angesema nini kingine? Mwanamke amelala kwenye sakafu yako, anakuletea wa kulala msibani na samaki wako, umwambie hapana?

Perege hawakuliwa. Walijificha kwenye mawe, wakala, wakanenepa. Wakafukua mchanga, wakagawana pembe za kioo kama warithi wenye pupa. Kisha wakaanza kumtafuna malaika ncha za mapezi. Leonia akashona chandarua kuwatenga, wakapita chini yake. Nikamshauri awakaange, nilete limau. Akasema haiwezekani, Mwanasiti kila Ijumaa anapita kuuliza wageni wake hawajambo, na anaondoka amefurahi. Basi kila Ijumaa Leonia anajibu hawajambo, na nyuma ya mgongo wake malaika anazidi kuwa mfupi. Nilianza kuchukia kuja kunywa chai. Mapezi yale marefu yakabaki vijiti, vijiti vikaota ukungu mweupe, na mwalimu wa watu akawa anakaa mbele ya kioo na nguo zake za kazi, hajavua hata viatu, mkono ameuweka kwenye kioo upande aliolalia samaki.

Ijumaa moja nikiwepo, Mwanasiti akauliza kama kawaida. Leonia akamwonyesha kioo.

"Mama, wageni wako wanamla mwenyeji."

Mwanasiti akasogea, akainama, akayatazama mapezi. Sauti yake ile ikapotea yote. "Na mimi kila wiki nauliza. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mlilala chini kwa ajili yangu. Niseme uliowaleta siwataki?"

"Ungesema, mwanangu. Kuna siku mkeka nao unakunjwa."

Akaomba chujio la chai. Akawavua perege mwenyewe mmoja mmoja, mkono wake ukiloa mpaka kwenye kiwiko, akawatia kwenye ndoo, akatoka bila kuaga. Leonia akamhamishia malaika kwenye bakuli la maji safi ya mvua, akamtilia chumvi kidogo kwa ajili ya ukungu, kama alivyoona Isdory akifanya. Samaki alilala ubavu. Alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Nikaenda zangu.

Asubuhi nikarudi mapema. Na hapa ndipo ninapotaka uniamini, msomaji wangu, maana niliyaona kwa macho haya mawili. Nilipoingia tu, yule malaika akajinyanyua. Naam, akasimama wima ndani ya bakuli, mapezi yameshaanza kuota tena, marefu kama mwanzo, akapanda mpaka juu ya maji, akamtazama Leonia, na Leonia akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, na samaki akazunguka bakuli zima huku akimfuata kidole chake kama vile—

"Mjomba, futa hapo," akasema Leonia, ameinamia karatasi yangu. "Ulikuta ameshaacha kupumua, bakuli nimeshalifunika kwa kitambaa. Hata hukulifungua."