Vifaranga wa Bata Bukini Ndani ya Arobaini

Harufu ya mkaa iliyochanganyika na udi ikinifikia popote, mimi hutafuta dirisha la kufungua. Ndiyo harufu ya chumba cha uzazi cha nyumba yetu ya Jomvu Kuu, ambamo kila mama aliyejifungua alifungiwa na mwanawe siku arobaini, madirisha yamezibwa kwa kanga, jiko la mkaa chini ya kitanda. Nilikuwa na miaka tisa nilipomwona bibi yangu akiingiza humo vifaranga saba wa bata bukini. Mama yao aliuawa na mbwa siku ileile walipoanguliwa, na bibi, aliyewahi kuwatunza waliojifungua mtaa mzima, hakujua ulezi mwingine.

"Bi Mwanaisha, na hina utawapaka?" jirani yetu Bi Rukia alimuuliza kutoka mlangoni.

"Wewe cheka tu. Upepo ukiwaingia, utakuja kunizikia?"

Wiki ya kwanza bibi hakukosea. Walikuwa na manyoya kama pamba tu, wakajikusanya karibu na jiko, wakala, wakalala. Lakini ilikuwa kaskazi, bati linalia kwa jua, na wiki ya pili niliwakuta wamelikimbia jiko, kila mmoja amejibana pembeni peke yake, mdomo wazi, mabawa yameachana na mbavu. Maji walikunywa, pumba hawakuigusa. Kazi yangu ilikuwa kufunga mlango. Siku moja nilimkuta mmoja amelaza shingo sakafuni, nikamficha ndani ya kanga, nikampeleka kwa Bi Rukia. Akamweka uani, chini ya mtungi, penye kivuli na mchanga uliolowa. Bibi alimlaumu paka.

Yule wa mtungini alikula majani mpaka nikastaajabu. Kila siku nilimwona akirefuka, kisha nikarudi nyumbani kuwafungia mlango wale sita waliobaki na kimo kilekile. Niliona tofauti, nikanyamaza, maana kusema kulikuwa kukiri wizi.

Adhuhuri moja bibi aliniita. Niliitika abee, nikaenda. Wanne walikuwa wamenyooka sakafuni, midomo wazi. Nilikimbia kwa Bi Rukia, nikarudi nimemkumbatia wangu, miguu yake ikining'inia. Bibi akamtazama, akawatazama wawili waliosalia, ambao hawakufika nusu yake.

"Huyu wa nani?"

"Wetu, bibi. Ni ndugu yao."

Wallahi sijamwona tena mtu akiduwaa vile. Alikaa sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto. Kisha akainuka, akazing'oa kanga zote dirishani. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Ulijua tangu lini?"

Sikumjibu siku ile, na alifariki sijamjibu. Wale wawili walipona, lakini hawakumfikia ndugu yao. Niliacha shule mapema, nikatangatanga, nikafagia mabanda Kisauni na Likoni, nikiwauliza wafugaji maswali mpaka wakanichoka. Siku hizi kipimajoto hutundikwa ukutani, na taa ya kuwapasha vifaranga huinuliwa kidogo kila wiki, kadiri wanavyoota manyoya. Wenzangu husoma namba. Mimi hutazama midomo kwanza.

Juzi, Chaani, nikiwa na siku ya tatu kazini, nilikuta tajiri wangu amezungushia banda la bata bukini turubai, eti upepo. Ndani walikuwa wakihema. Nililipasua turubai kwa kisu, upande hadi upande. Ndipo nikaenda kumwambia.