Vikombe vya Barazani

Jirani yangu wa hapa Auburn, ugenini, hupamba Krismasi kwa mitumba: taa ya chemli yenye kutu, kipande cha gunia, vikombe vya bati vilivyobanduka rangi. Kila Jumamosi akitoka zamu ya kutunza wazee, hupitia duka la mitumba na kugeuza kikombe kimoja kimoja, akipapasa kitako kwa vidole vilivyokaushwa na dawa ya kutakasa mikono. Muuzaji hudhani anatafuta jina la kiwanda. Mimi niliishi naye kambi moja ya wakimbizi. Najua pale chini ndipo tulipokwaruza majina yetu kwa msumari, kikombe kisipotee kwenye foleni ya uji.

Jana, jua likiwaka vibaya, nilimsaidia kuvitundika barazani kwa kamba ya katani. Vilikuwa saba. Sita vilikuwa na majina ya ndugu zake tuliowazika kulekule kambini, aliyoyakwaruza upya mwenyewe. Cha saba hakikuwa na kitu.

“Na hiki, dada?”

Alikipangusa kwa upindo wa kitenge, polepole, kama alivyopangusa vingine.

“Hicho changu,” alisema, akaniwekea msumari kiganjani. “Utaniandikia wewe, siku yangu ikifika.”