Guka Wangu Ukutani

Mcheke tu, nimezoea. Kuna kamusi elezo moja ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia. Nilitaka guka, baba yake baba yangu, aingie humo kwa sababu ndiye aliyeanzisha soko letu. Kwa uvivu wangu nikachukua programu ya mazishi yake, kile kijitabu cha wasifu na ratiba, nikanakili kila neno, nikaweka na picha ya jalada.

Juzi nikaenda mafunzo ya waandishi wa kamusi hiyo hapa Nyeri mjini. Mkufunzi, dada mmoja mpole, akatuambia tusiibe maandishi ya wengine wala kumpamba mtu kwa sifa. Kisha akaonyesha mfano mbaya ukutani, akausoma: “Hakuwahi kukosea maishani. Magari yataondoka mochari saa mbili kamili.”

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikacheka kuliko wote, ndio nisishukiwe. “Ati magari! Ni mjinga gani aliandika hii?”

“Jina alilificha,” dada akasema, akiteremsha ukurasa. Picha ya guka ikajaa ukutani, pua yake kubwa mbele.

Watu wakatazama ukuta, kisha wakanitazama mimi. Mama niliyeketi naye akaniuliza polepole, “Na hiyo pua, pia umekopi?”