Geji ya Mzee Filta

Ukimpigia simu Mzee Filta na kumwambia kiyoyozi chako kimegoma, hata kama kimewaka moto na moshi umejaa sebuleni, atakuuliza kwanza, "Filta umeisafisha lini?" Ndiyo asili ya jina lake. Lile alilopewa na wazazi wake limebaki kwa mkewe tu, na mkewe naye hulitumia akikasirika.

Na kusema kweli, mara nyingi kosa lilikuwa la filta. Watu hununua mashine ya kupoza nyumba wakati wa joto na kuipasha wakati wa baridi, wakaibandika ukutani, kisha wakaisahau kama kalenda ya mwaka juzi. Vumbi linajaa, manyoya ya paka yanajaa, hewa haipiti, halafu mwenye nyumba analalamika kwamba ameuziwa mashine mbovu. Mzee Filta alikuwa akiichomoa ile filta, akaikung'uta palepale bila huruma, akaiosha bombani na kuirudisha, na ubaridi ukashuka. Kuna mama mmoja aliyejisifu sana kwa usafi ambaye mpaka leo hajamsamehe kwa kile kilichoangukia zulia lake.

Kazi hii aliianza ujanani, akimbebea fundi mwingine mitungi ya gesi, mpaka akapata karakana yake mwenyewe, kibanda chenye mlango wa bati kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la rangi. Hata mke alimpata kazini. Alikuwa muuguzi katika hospitali ambayo kiyoyozi cha chumba cha upasuaji kilikuwa kikifa mara kwa mara, na wanaojua wanasema kwamba fundi alipomwona yule muuguzi, kilianza kufa mara nyingi zaidi. Mzee hulikana jambo hilo, ila hulikana huku akicheka.

Watoto wao wakubwa walikwenda zao kwenye kazi za mezani. Kitinda mimba, binti, ndiye aliyemfuata baba karakanani, akajifunza kila kitu pamoja na ukali wa mzee kuhusu alama. Mzee Filta hakuwa mtu wa sheria nyingi, lakini hii aliishikilia kufa kupona: ukifungua kifuniko cha valvu ya gesi, siku unapokifunga unapaka tone la rangi, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye valvu, ili akija mwingine kukifungua tone likatike na ijulikane. Yeye alitumia rangi nyeupe ya jirani yake wa dukani. Binti, siku ya kwanza alipoachiwa kufunga peke yake, aliitafuta rangi nyeupe asiione, akatumia rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu kama pilipili. Akaizoea. Mpaka leo ukizunguka nyuma ya nyumba ya mtu ukaona tone jekundu, ujue binti Filta amepita hapo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka siku ngazi ilipomtupa mzee.

Hakuumia. Aliangukia furushi la nguo chafu za mteja, akainuka na kuuliza nani kasogeza ngazi. Hakuna aliyeisogeza. Jioni ile kikaitishwa kikao cha familia, na mkewe akazungumza kwa ule upole wa wauguzi unaotangulia sindano. Wakakubaliana kwamba karakana, ngazi na wateja viende kwa binti. Mzee angebaki na mashine moja tu, ya nyumbani kwao, ambayo kifaa chake cha nje kimekaa chini juu ya matofali nyuma ya jiko na hakihitaji ngazi. Angebaki pia na geji yake, ya kwanza kuinunua maishani, yenye saa mbili za kupimia nguvu ya gesi na mipira iliyopauka kwa umri. Lakini mkewe akaweka sharti.

"Siku mashine hii ikikushinda," akamwambia, "geji unampa mtoto, na wewe unakaa kitako kama wastaafu wenzako."

Mzee alikubali kwa sababu hakuona namna ambayo mashine yake mwenyewe ingemshinda. Moyoni, hata hivyo, aliingiwa na hofu. Geji ikitoka nyumbani, ufundi umetoka nayo, na yeye angebaki mtu wa kuulizwa kama amekula na kama amelala vizuri. Hilo lilimtisha kuliko ngazi.

Basi akaivalia njuga mashine ile. Filta iliogeshwa mara nyingi kuliko vyombo. Kifaa cha nje alikipangusa kila upande, akakwangua matope, akafyeka nyasi zilizothubutu kuota karibu yake. Mkewe akamtania kwamba naye angetamani kuwa na feni mgongoni, huenda angetazamwa hivyo. Mzee akamjibu kwamba yeye hahitaji, kelele anazo tayari, na akala taulo la usoni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Zile saa za geji zilikuwa zimeanza kumchezea. Namba zilikuwa zikishikana kama watoto wanaocheza mduara, hajui ipi ni ipi. Miwani alikuwa nayo, imelala kwenye droo chini ya leso, lakini aliona haya kuivaa mbele ya mashine. Angeonekana tu, habari ingefika karakanani kabla hajaivua, na maneno ya umri yangeanza upya. Kwa hiyo geji ilibaki ikining'inia msumarini ukutani, na mzee akawa anafanya kazi kwa sikio na kwa mazoea.

Na mazoea alikuwa nayo. Mashine ile ilikuwa na kiungo kimoja cha bomba la shaba kilichovuja kidogo kidogo tangu enzi na enzi. Kila mwaka alisema atakishughulikia, na kila mwaka wateja walikuja kwanza. Mafundi na nyumba zao ndivyo walivyo. Badala yake, kila joto lilipokaribia aliongeza gesi, kiasi kilekile cha siku zote. Mwaka huu pia alifanya hivyo. Alifunga mpira wa mtungi, akafungua gesi, akainamisha kichwa akisikiliza ikipita, na sikio lilipomwambia basi, akafunga. Akapaka tone lake jeupe kwa kupapasa, akaingia ndani kunywa chai akiwa hana hili wala lile.

Joto lilipopamba moto, mkewe akawaalika wauguzi wenzake wa zamani. Wakaja wakiwa wamejipamba na kujipaka poda, wakaketi chini ya kiyoyozi, wakakisifu. Mzee alijipitisha sebuleni mara kadhaa kama mtu anayetafuta kitu, ili sifa zisimpite. Hazikumpita. Alikuwa bado amesimama mlangoni akizipokea wakati mashine ilipotoa mngurumo, ikakohoa, ikaanza kutoa hewa ya vuguvugu. Ikazima. Ikajiwasha, ikahangaika kidogo, ikazima tena.

Poda zikaanza kuteremka. Mgeni mmoja akachukua gazeti na kujipepea kwa adabu, mwingine akavua viatu bila adabu yoyote. Mkewe alimtazama mzee, akachukua simu, na mzee akajua anampigia nani. Mgeni wa tatu, aliyekuwa mkuu wa wodi zamani, alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo yake, akasema yanakwenda mbio. Mzee akanyofoa mkono wake taratibu, akaenda kwenye droo.

Alivaa miwani akiwa peke yake nyuma ya jiko, baada ya kutazama kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. Akaifunga geji kwenye valvu, akaiwasha mashine na kusoma. Namba zilikuwa zimesimama wazi kabisa, kila moja mahali pake, na zilichosema kilimkata maini. Nguvu ya gesi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mashine haikuwa na njaa, ilikuwa imevimbiwa, na kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ilijizima ili isijiue.

Aliketi juu ya ndoo. Yeye, aliyewafokea vijana wangapi kwa kuongeza gesi bila kupima, ameongeza gesi bila kupima. Aliitazama mikono yake akaiona kama ya mtu mwingine. Alihuzunika, na hakuwa na haja ya kujificha maana hakuna aliyekuwa akimwona. Alichojiuliza ni kwa nini mwaka huu, wakati kiasi kilikuwa kilekile.

Akakiokota kifuniko cha valvu kilichokuwa miguuni pake ili akifute, angalau kimfikie binti kikiwa safi. Chini ya tone lake jeupe kulikuwa na kitu. Akakisogeza machoni. Kulikuwa na tone jekundu kama pilipili, limekatika katikati.

Mzee akageuka kwenye kile kiungo cha shaba. Kilikuwa kimekatwa na kufungwa upya, kimekazwa, kikavu, hakina hata ukungu wa mafuta. Kazi nzuri. Kazi ambayo yeye aliiahirisha enzi na enzi. Akarudi kuketi juu ya ndoo, na safari hii mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Mtoto amekuja kwa siri, amefanya kazi kwa siri, kisha ameipaka alama, kwa sababu baba yake alimfundisha kwamba kifuniko hakifungwi bila alama.

Binti alifika na mkoba wake begani, akapitia uani. Alipoona saa za geji, uso ulimshuka. Alitazama kompresa, akatazama angani, akatazama kila mahali isipokuwa kwa baba yake.

"Baba, hii ni kompresa tu," akasema. "Imechoka. Ni mashine ya zamani, ingemshinda mtu yeyote."

Mzee alimfungulia kiganja na kumwekea kile kifuniko.

Binti akakitazama. Akafumba macho. Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja: alikuja siku baba alipokwenda kunyolewa, mama ndiye aliyemfungulia mlango, alikuwa ameona gesi inapungua na hakutaka sharti la mama litimie, akaziba pale panapovuja, akajaza gesi sawasawa, akaapishana na mama wasiseme. Hakufikiria kwamba baba angeongeza juu yake, kwa kuwa baba hupima kwanza.

Hapo mzee angeweza kunyamaza. Ushahidi ulikuwa mkononi mwa binti, mwekundu, na mkewe mwenyewe alikuwa mshirika. Geji ingerudi msumarini bila mtu kusema lolote. Lakini mtoto huyu aliongopa mbele yake kwa mara ya kwanza maishani, na aliongopa ili kumsitiri.

"Sikupima," mzee akasema. "Sioni namba za geji, mwanangu. Tangu mwaka jana sizioni. Naona haya kuvaa miwani."

Akaifungua geji kutoka kwenye valvu, akaikunja mipira yake vizuri, akamkabidhi. Binti aliipokea kwa mikono miwili. Wote wawili machozi yakawalengalenga, kisha binti akapenga kamasi, akaifunga geji palepale ilipotoka.

"Miwani umeivaa sasa hivi, Baba," akasema. "Nisomee."

Basi mzee akasoma. Binti aliunganisha mtungi mtupu kwenye geji, akaitoa gesi iliyozidi kidogo kidogo, na kila alipofunga mzee alitaja namba kwa sauti, akiwa na miwani puani, uani, mchana kweupe. Walipofika pale panapotakiwa wakasema "basi" kwa pamoja. Mkewe na wageni walikuwa wamejazana kwenye dirisha la jiko, watu wazima wenye heshima zao, wakigombania nafasi ya kuchungulia. Mashine ikanguruma na kutulia kwenye sauti yake. Mkuu wa wodi akatangaza kwamba mgonjwa anapumua.

Mkewe alitoka na chai, macho chini, kama mtu aliyekamatwa na mzigo wa wizi. Mzee akamuuliza kama na yeye amejipaka alama mahali, maana nyumba hii kila mtu anafanya mambo kwa siri. Akaambiwa anywe chai. Kuhusu sharti, mkewe akasema mashine haikumshinda mzee, iliwashinda wawili, na hilo halikuwamo kwenye makubaliano.

Kifuniko kikafungwa. Mzee akapaka tone jeupe, binti akapaka jekundu ubavuni pake.

Wiki iliyofuata binti alipita akiwa na haraka za kwenda kwa mteja. Hakuketi. Mzee alipokwenda nyuma ya jiko baadaye kufyeka nyasi zake, aliikuta geji msumarini kama kawaida, na kwenye msumari uleule kulikuwa na miwani mpya, imefungwa uzi wa kuvaa shingoni. Uzi ulikuwa mwekundu. Mzee alinung'unika kwamba rangi ile si ya mwanamume wa umri wake, akamwita mkewe aje ashuhudie dharau ya mtoto wao.

Tangu siku hiyo hajaivua. Anakwenda nayo dukani, anakwenda nayo kwa kinyozi, na mtu akimuuliza huo uzi mwekundu wa nini, yeye humtazama vizuri kupitia vioo, humwona vizuri, kisha humuuliza filta ameisafisha lini.