Kiganja cha Muuza Perege

Jumamosi asubuhi sokoni Mwembesongo nilisimama kwenye meza ya mama muuza samaki, nikisubiri amalizane na mvuvi aliyetoka bwawani na ndoo ya perege. Mama hakuwa na haraka. Alimlaza kila perege kwenye kiganja chake, na ambaye mkia wake haukufika ncha ya kidole cha kati alirudishwa ndooni.

Nusu nzima ikarudi. Mvuvi akashika kiuno.

"Shangazi, mbona leo mkono wako umerefuka?"

"Mwaka juzi nilikuwa nachukua vidogo hivihivi. Bwawa likabaki maji matupu, nikauza nyanya mwaka mzima. Nyanya siziwezi, mwanangu. Hao kawapikie watoto, na kesho tumia nyavu zenye macho makubwa."

"Sasa mkono nao ni kipimo?"

"Basi pima kwa wako."

Mvuvi akamchukua perege ambaye mama alishamkubali, akamlaza kwenye kiganja chake kipana. Mkia ukaishia katikati ya vidole. Akamrudisha mezani upesi, akacheka mwenyewe.

"Tuendelee na wako, shangazi."

Nimekaa kwenye semina kadhaa za uvuvi endelevu, lakini sijaona kanuni iliyokubalika haraka hivyo.

Nami, niseme ukweli, nilikuwa nimefuata vile vidogo, maana vikikaangwa vikakauka unatafuna na miiba yake. Mkono wangu ni mdogo kuliko wa mama. Nikautia mfukoni, nikaagiza wawili wakubwa.