Kidonge cha Fundi Cherehani

Kila asubuhi fundi cherehani humeza kidonge chake cha maumivu ya vidole barazani, kichwa nyuma, koo likigugumia kama mtungi unaomiminwa, kisha hulamba uzi na kuupenyeza kwenye sindano bila miwani. Seremala, kaka yake kwa baba, humtazama huku vidole vyake mwenyewe vikiwaka moto. Naye humeza kidonge kilekile, lakini kwake ni sawa na kumeza chaki.

"Kaka, labda kinaogopa hizo ndevu zako," fundi humtania, akikanyaga cherehani kwa mluzi.

Juzi daktari alieleza kwamba mwili wa seremala hauwezi kuigeuza dawa hiyo ikatuliza maumivu. Kazaliwa hivyo, huenda ni damu ya kwa mama yake. Shamba la baba waligawana sawasawa, lakini uwezo huu wa mwili haukugawanywa.

"Zamani mganga alikuuliza kwanza wewe mtoto wa nani, ndipo akachimba mzizi," seremala alifoka. "Siku hizi wanagawa tu kama njugu!"

Fundi hakutania. Aliinamisha macho, akawa anapapasa kitambaa.

Leo fundi amemezea kidonge chake nyuma ya mlango. Seremala amelisikia lile koo, akatamani mdogo wake arudi barazani ajigambe. Majigambo aliyazoea; huruma hii ndiyo haimezeki.