Gemu Niliyompa Wifi Yangu

Wifi yangu simpendi, na yeye hanipendi, na ndiyo maana sote tuna afya njema. Ni dada wa marehemu mume wangu. Tunakaa nyumba moja hapa mtaa wa Gerezani, yeye vyumba vya uani, mimi vya mbele. Chumba cha barazani mjukuu wangu wa kike kaweka kompyuta kuukuu, watu wanakuja kucheza gemu za zamani, zile za safari: unaanza huna kitu, unazunguka, unapigana na madude, mpaka unakuwa mtu.

Wifi akakitaka chumba aweke mabelo yake ya mitumba. Akaja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nyumba ya kaka yangu mmeigeuza kijiwe. Gemu zenyewe za watu wasio na akili."

"Cheza basi, tuzione zako."

"Nitacheza! Nikichoka tu, kesho mabelo yanaingia humu."

"Na ukinogewa?"

"Nikinogewa mimi, kaeni humu mpaka mfe."

Mjukuu wangu macho yakamtoka. Chumba ndiyo riziki yake. Nikamwambia tulia, gemu namchagulia mimi.

Maana zote nilishazionja. Kuna moja unaongoza watu sita, kila mmoja na maneno yake, unasoma mpaka mchuzi unaungua. Tamu, lakini si ya mgeni. Mimi niliyeishia darasa la tatu kila saa namwita mjukuu anisomee. Nyingine uko peke yako na upanga, madude hayakungoji, ukipiga chafya umekufa. Hiyo waachieni wenye vidole vyepesi. Halafu iko hii ya zamu, kama bao: unapiga, madude nayo yanapiga, chai unakunywa katikati. Mgeni aanze na hiyo, nawaambia.

Ila mimi ilinishinda. Unaingia nyumba za watu, mna masanduku, ndani yake silaha na dawa. Mjukuu ananiambia, "Bibi, fungua." Nifungue sanduku la mtu, hodi sijapiga, mwenyewe kasimama ananitazama? Hapana jamani. Basi natoka kijijini na kifimbo changu, dude la kwanza tu, chali.

Lakini wifi! Arobaini ya mume wangu ubani haujapoa, yeye yumo kabatini mwangu anachambua vitenge. Nikamwekea hiyo hiyo.

Akakaa, akasonya. Nyumba ya kwanza kaingia bila salamu, kafungua, kabeba. Ya pili, kabeba. Mjukuu hajamfundisha neno.

"Hawa watu hawafungi?" akauliza.

"Wewe kufuli uliliheshimu lini?"

"Niondokee, nina kazi."

Akatoka kijijini na upanga, na ngao, na dawa tele. Likaja dude nene, linatembea upande upande. Akapiga makofi.

"Haa! Wifi huyo! Chukua hiyo!"

Likafa. Adhana ya alasiri ikamkuta hapo, kaswali karudi, ya magharibi ikamkuta hapo. Mabelo hayakuja.

Chumba tumebaki nacho. Ila sasa kila siku yumo, kakalia kiti changu chenye mto, na kila dude nene analoliua ni mimi. Jana kaniita kwa sauti nyumba nzima isikie:

"Wifi, njoo uone ninavyokuua!"

Nikaenda. Na chai yangu. Yake sikubeba.